Upande wa Nyuma

Waliponiambia mti huu huitwa laimu
niliunusa nikitafuta ndimu.
Hakuna. Una harufu ya daftari jipya,
mweupe kama ndani ya muhogo,
na patasi huuingia bila kelele
kama kisu katika jibini baridi.

Karakana iko Beverley, nyuma ya duka la mikate.
Saa kumi na moja alfajiri ukuta wetu hupata joto la tanuri,
na Enid Thackray, mchongaji, binti wa mchongaji,
huuegemea kwa mgongo
kabla hajasema neno na mtu.

Shada lililetwa limeviringwa blanketi za farasi
kutoka nyumba kubwa iliyoungua upande mmoja:
tulipu, zabibu, masuke ya ngano,
waridi tisa. La kumi limekuwa mkaa.
Mimi nilipewa la kumi.

Mikono ya Enid hutetemeka tangu mwaka juzi.
Hilo halizungumzwi. Chai yake humiminwa nusu kikombe.
Yeye huketi, redio ikitaja matokeo ya kriketi,
na kuniamrisha kwa kidevu:
"Usibishane na nyuzi za mti. Zunguka.
Ua halina haraka. Wewe una haraka ya nini?"

Mwezi mzima nilichonga waridi nilijualo,
la kwenye kadi za harusi,
duara ndani ya duara ndani ya duara.
Akalitazama, akalitupa ndani ya jiko la kuni.
Akanituma bustani ya jirani, Februari,
hakuna ua hata moja,
miba tu na mvua ya ubavu.
"Anza na miba," alisema.

Petali haichongwi kwa mbele.
Unaila kwa nyuma, kwa bobari iliyopinda,
kidogo, kidogo, kama panya mwenye adabu,
hadi iwe nyembamba kama ganda la kitunguu
na mwanga wa taa upenye, rangi ya asali.
Hapo acha. Mkwaruzo mmoja zaidi na

Jumanne, saa tisa na robo, niliuongeza huo mmoja.

Sauti yenyewe ndogo, kama mtu kavunja njiti ya kiberiti.
Petali ikapotea kati ya maranda
nami nikapiga magoti kuitafuta,
siku arobaini za kazi, ukubwa wa ukucha.

Enid hakufoka. Alizima redio.
Akalishika waridi la nne, la zamani,
kazi ya mtu asiyeandikwa popote,
akaliinua dirishani kwa mikono miwili
ili mmoja umtulize mwenziwe.
"Angalia. Hapo petali inapoanzia."

Mstari. Mweusi, mwembamba kuliko unywele.
Gundi ya kwato, ya miaka mia tatu.

Nilikaa chini.
Nilikuwa namwogopa mtu yule:
jani lake lenye tundu la kiwavi,
tundu alilolitoboa makusudi,
suke lake linaloelekea kupukutika ukikohoa.
Kumbe naye siku fulani alisonya,
akatupa jicho mlangoni asije bwana,
akapiga magoti papo hapo penye maranda.

Tukachemsha gundi.

Sasa shada limerudi juu ya meko, futi kumi na mbili.
Wageni hulipa kiingilio, hupiga picha, hupita,
wala hakuna awezaye kulionyesha waridi langu.
Mwenye nyumba mwenyewe alikosea, akasifu la saba.
Ndivyo inavyotakiwa.
Sijui kama nafurahi.

Lakini nyuma, upande unaoukumbatia ukuta,
sikupiga msasa. Niliziacha nyayo za bobari,
na kwa penseli, kwa lugha ya mama yangu:
*Hapa nilivunja. Jumanne.*

Atakayelishusha, baada ya moto mwingine au funza wa mti,
atakuna kichwa,
atafute wa kumsomea.